Wiski za Scotland zilinganishwe zikiwa na ukali mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nigusie makala yenu ya kulinganisha wiski za kimea za Scotland. Mwandishi alipanga chupa tatu kwa umri, akaonja kuanzia changa hadi kongwe huku akizitazama, akatangaza kuwa kongwe ndiyo bora. Kwa utaratibu ule, jibu lilishapatikana kabla vizibo havijang'olewa.

Tuanze na namba ya umri ya kwenye chupa. Kanuni za wiski ya Scotland za mwaka 2009 zinataka kinywaji kikae si chini ya miaka 3 katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, hukohuko Scotland, na kijazwe chupani kikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Inayoandikwa Single Malt hutokana na kimea cha shayiri peke yake, kikakenekwa kwenye mitungi ya kiwanda kimoja. Umri unaotajwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo: changanya mapipa kumi ya miaka 25 na kikombe kimoja cha miaka 12, chupa itaandikwa 12. Tena miaka huhesabiwa pipani tu. Chupa iliyokaa kabatini miaka 20 haijaongeza hata siku moja.

Kwa hiyo pipa ndilo la kuulizia. Mengi yamekwisha kubeba bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani, ambako sheria inadai pipa jipya lililochomwa ndani, hivyo yaliyotumika huuzwa. Haya huchukua kama lita 200 na hutoa vanila na harufu ya nazi. Mapipa makubwa ya sheri, yaani divai ya Hispania iliyoongezwa pombe kali, hufika lita 500, na yakiwa ya mwaloni wa Ulaya huleta zabibu kavu, karafuu na ukakasi. Pipa lililotumika mara ya tatu linaweza kulaza wiski miaka 18 lisiipe ladha ambayo pipa lililotoka kumwagwa sheri lingeitoa kwa miaka 10. Na ikizidi kukaa, mbao huishinda shayiri: ulimi unakauka pembeni kama umekunywa chai iliyosahauliwa jikoni. Bei hupanda kwa sababu nyingine. Kila mwaka kama asilimia 2 ya kilichomo hufuka, na Waskoti hukiita fungu la malaika. Kwa kasi hiyo lita 100 hubaki karibu 70 baada ya miaka 18, na mnunuzi analipia hata zile 30 zilizokwenda hewani.

Anayetaka kujua umri umefanya nini, achague kiwanda kimoja chenye mtindo mmoja wa mapipa. Glenfarclas ya eneo la Speyside, Scotland, inafaa, maana wiski zake hukomaa zaidi katika mapipa ya oloroso, aina ya sheri nzito. Ya miaka 10 ina alkoholi asilimia 40, ya 15 ina 46, ya 21 ina 43. Hapo ndipo mtego ulipo! Alkoholi huchoma pua na hugeuza harufu, hivyo unachokiita ukomavu huenda ni ukali tu. Zimua zote zifike 40. Gawanya ukali ulionao kwa unaoutaka, toa 1, kisha zidisha kwa mililita za wiski. Mililita 20 za miaka 15: 46 kwa 40 ni 1.15, toa 1 inabaki 0.15, mara 20 ni mililita 3 za maji. Ya miaka 21 inataka 1.5. Ya miaka 10 haiguswi. Pima kwa bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano yake. Kijiko cha chai hudanganya.

Maji yawe ya chupa, yenye madini machache. Ya bomba yana klorini, na ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Yote mawili yataonekana kama kasoro ya wiski. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kuwa guayakoli, mojawapo ya viini vya harufu ya moshi, husogea juu ya uso wa kinywaji kinapozimuliwa. Ndiyo maana matone machache huamsha harufu iliyokuwa imejificha.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba. Ifunike kwa kisahani dakika 10. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32, alkoholi hutangulia puani kabla ya kitu kingine, basi tumbukiza chupa kwenye maji baridi hadi nyuzi 20 hivi. Usitie barafu, maana baridi hulaza harufu. Nusa ukiwa umefungua mdomo kidogo, pua ikiwa ukingoni, si ndani ya glasi. Piga funda dogo, lizungushe, litemee kwenye kikombe, sukutua, pumzika dakika 5. Zaidi ya chupa nne kwa kikao kimoja, kaakaa limechoka.

Mwingine amimine, wewe usione. Rangi nayo isikushawishi, kwani kanuni zinaruhusu karameli ya kukoleza rangi, hata kama Glenfarclas hawaitii. Aweke glasi tatu, mbili za chupa moja na ya tatu ya chupa nyingine, utafute iliyo tofauti. Kwa kubahatisha utaipata mara moja kati ya tatu. Kuipata mara tatu mfululizo kwa bahati tupu ni 1 kati ya 27. Ukishindwa kuitenga, huna sababu ya kuulizana ipi bora. Ukiitenga, andika kwa maneno ya jikoni kwako: tende, halua, mdalasini, ukoko wa wali. Makala ilijaa maua ya milimani ambayo wasomaji wengi hatujawahi kuyanusa.

Wiski zenye moshi wa mboji, udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kukaushia kimea, kama za kisiwa cha Islay huko Scotland, zije mwisho, hata zikiwa changa. Moshi hupungua pipani kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo anayeipenda Lagavulin ya kisiwa hicho ya miaka 8 kuliko ya 16 kwa ajili ya moshi wake hajakosea. Kumbuka tu ya kwanza ina asilimia 48 na ya pili 43: mililita 20 za ile changa zinataka maji mililita 2.3 ili nayo ifike 43.

Pia chupa iliyobaki theluthi kwa miezi imekwisha kupigwa na hewa. Isishindanishwe na iliyofunguliwa leo.

Namwomba mwandishi arudie zoezi lake hivyo, na safari hii achapishe ukali wa kila chupa kando ya umri wake.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam