Anko, nimetafuna shayiri

Anko, habari za huko Mau Narok, na baridi? Ningekupigia simu lakini najua ukisikia tu neno baa ungenikatiza, basi wacha niandike, na wengine wasome, maana wazee waliolima shayiri kama wewe ni wengi.

Unakumbuka ile nyumba ya mawe hapa Milimani, ya mabati mekundu, tulikuwa tunapeleka maziwa asubuhi kwa geti ya nyuma? Sasa ni baa. Na si baa kama zile za stendi, hawa wanapika bia yao wenyewe humo humo, wanaita krafti, ile mitungi ya chuma unaiona kwa kioo ukiwa umekaa, pale palikuwa stoo ya kuni. Tangu Nakuru ifanywe jiji ile Desemba ya 2021 naona nyumba kama hizo zinaisha moja moja, kushoto yake ni fleti, kulia wanachimba msingi, hii wameiacha imesimama na jakaranda yake na kwa hilo nawashukuru kabisa. Ijumaa niliingia kwa geti ya mbele. Mara ya kwanza maishani.

Glasi ni mia tano. Ni pesa nyingi Anko, na kati ya watu waliokuwa hapo sikumjua hata mmoja, sijui wale wa zamani walihamia wapi. Kuna moja wanaita IPA, chungu kama mwarobaini, ni hayo maua ya hopsi wanayoagiza kutoka nje. Nikachukua nyeusi, hiyo ni tamu kweli.

Lakini kilichonifanya niandike ni kimea, ile nafaka wanayopikia bia. Kiko hapo kaunta kwa chupa tatu, na kijana anayepika akanimwagia kwa kiganja: moja nyeupe kama ngano, moja rangi ya asali, moja imekaangwa mpaka ikawa kama kahawa. Nikatafuna. Shayiri, Anko! Akanieleza wanailoweka, wanaiacha ichipue siku kadhaa, halafu wanaikausha kwa joto kabla mzizi haujala utamu wote. Nikamuuliza, sasa mbona mnunuzi anaweza kurudisha lori nzima? Akasema punje ikiwekwa na unyevu inafia kwa gunia, na iliyokufa haichipui, na isiyochipua haiwezi kuwa kimea. Dakika mbili tu, ameshamaliza.

Nikakumbuka ile siku walikurudisha na magunia yote, ukafika nyumbani usiku ukakaa jikoni bila kuvua gambuti, na hiyo karatasi yao ilikuwa imeandikwa imekataliwa, basi, hakuna aliyekueleza kitu. Ukawauzia wenye ng'ombe kwa hasara, msimu uliofuata ukapanda viazi, na mimi miaka yote hii nimedhani kuna kitu ulikosea. Hukukosea Anko. Mvua ilitupata tukivuna, nilikuwa hapo, nilishika gunia kwa mkono wangu na lilikuwa baridi.

Najua tangu uokoke hukanyagi baa na sikuombi uje. Nilimwomba yule kijana kimea kidogo akanifungia kwa karatasi, ya nyeupe na ya asali, nimempa dereva wa matatu ya saa nane, yule anayekuleteaga dawa ya ng'ombe. Anza na ya asali. Tafuna polepole, utamu unakuja mwisho.