Wagonjwa wa saratani waelezwe mapema kuhusu kumbukumbu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie shida ya kumbukumbu na umakini ambayo wagonjwa wengi wa saratani huitambua wakiwa wameshamaliza matibabu, wakati ndugu na wakuu wao wa kazi wanaamini kwamba yote yamekwisha. Mtu aliyezoea kuendesha vikao hujikuta akirudia ukurasa mmoja bila kuuelewa, akikosa jina la mtu anayemfahamu vizuri, au akipotea katikati ya mazungumzo ya watu wawili.

Nilipopewa tibakemikali, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, kwa ajili ya saratani ya matiti, nilielezwa kwa kina kuhusu kutapika, kunyonyoka nywele na kushuka kwa kinga ya mwili. Kuhusu kumbukumbu sikuambiwa lolote, hivyo dalili zilipoanza niliamini kwamba ugonjwa umeenea hadi kwenye ubongo, na hofu hiyo nilikaa nayo muda mrefu bila kumwambia mtu.

Tatizo hili limechunguzwa. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 581 waliotibiwa saratani ya matiti kwa tibakemikali, wakiwalinganisha na wengine 364 wasio na saratani. Miezi 6 baada ya tiba, asilimia 36.5 ya wagonjwa walieleza kwamba uwezo wao wa kufikiri ulikuwa umepungua, ilhali miongoni mwa wenzao ni asilimia 13.6 tu. Tena tibakemikali si chanzo pekee: zimo tiba ya homoni, mionzi ya kichwani, upungufu wa damu, kukosa usingizi na sonona, na wapo wanaoonyesha dalili hata kabla ya dozi ya kwanza. Kwa kuwa baadhi ya mambo haya yanatibika, daktari angepaswa kupima damu, tezi ya thairoidi na vitamini B12, na kuuliza kuhusu usingizi, kabla ya kumtaka mgonjwa avumilie.

Kinachoumiza zaidi ni kutoaminiwa. Vipimo vifupi vya kumbukumbu, ambavyo hasa hulenga kubaini maradhi mazito ya akili ya uzeeni, mara nyingi havioni tatizo hili, na mgonjwa huambiwa yuko sawa huku akijua hayuko sawa.

Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, ingawa wengine huendelea hivyo kwa miaka. Mazoezi ya mwili husaidia, na vilevile daftari moja la kuandikia kila kitu, kengele ya simu, na kufanya jambo moja kwa wakati. Mwajiri naye anaweza kutoa maagizo kwa maandishi badala ya kuyasema mlangoni.

Ombi langu kwa kliniki za saratani ni kwamba swali kuhusu kumbukumbu na umakini liulizwe kabla ya tiba na katika kila miadi baada yake, na mgonjwa akiridhia, ndugu anayemsindikiza naye aulizwe, maana yeye ndiye anayeishi naye na kuyaona mabadiliko ambayo mwenyewe huenda anayaficha.

Msomaji wako