Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Jiji Lililovuka Mpaka Wake

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka, ambayo safari hii imeelemea jambo moja, nalo ni mpaka kati ya Mkoa wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina.

Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa Dar es Salaam ina watu 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012, yaani ongezeko la wastani wa asilimia 2.1 kwa mwaka, kasi ndogo kuliko ya awali, na wapo waliofurahi wakidhani kwamba jiji limeanza kupumua. Kamati haikubaliani nao. Katika miaka hiyo hiyo kumi Pwani ilitoka watu milioni 1.1 hivi ikavuka milioni 2, na anayepita Vikindu, Kiluvya au Mapinga alfajiri hahitaji kuelezwa sababu: waliokosa kiwanja cha bei wanayoimudu mjini wamejenga huko, na kila siku wanarudi Kariakoo na Posta kutafuta riziki. Jiji halijapunguza mwendo. Limehamia upande ambao ramani zake hazifiki.

Mpango kabambe wa jiji wa 1979, unaoelekeza matumizi ya ardhi, ulikuwa wa miaka 20, na ulipokwisha muda wake watu walijipimia viwanja wenyewe, hadi ulipoandaliwa huu wa 2016 hadi 2036. Tunaunga mkono nia ya kukuza vituo vya pembezoni, lakini njia za mabasi ya mwendokasi, kuanzia ile ya Kimara iliyoanza kazi Mei 2016 hadi zile za Mbagala na Gongo la Mboto, zote zinaelekea katikati ya jiji. Usafiri huo ni wa lazima, ila pekee yake hautampa mkazi wa Chanika ajira karibu na kwake.

Tatizo limekuwa gumu zaidi tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji, kwa kuwa Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja inapanga ardhi yake, na ng'ambo ya mpaka kuna wapangaji wengine. Kwenye maji hatukufanya hivyo. DAWASA, mamlaka ya majisafi, inahudumia Dar es Salaam pamoja na sehemu za Pwani, kwa sababu mto Ruvu ni mmoja, na ulipopungua mwishoni mwa 2022 mgao uliwagusa wote.

Kwa hiyo kamati inaomba mkutano huu uridhie tupeleke kwa uongozi wa mikoa yote miwili pendekezo la kupanga ardhi kwa pamoja. Baadhi ya wajumbe wanahofia kuzaliwa kwa ofisi nyingine ya posho na vikao, hofu ambayo mimi pia ninayo; ndiyo maana tumependekeza kuanza na ramani moja tu, inayoonyesha hifadhi za barabara, mabonde yasiyojengwa na maeneo ya viwanda kutoka Bagamoyo hadi Mkuranga. Rasimu mmegawiwa, na kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.