Wanunuzi wa dawa ya upara waelezwe madhara yake kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo wanaume wengi hulimeza kimyakimya, nalo ni madhara yanayoendelea kumwandama mtu hata baada ya kuacha kutumia finasteride, dawa inayouzwa kwa ajili ya kuzuia upara. Nina umri wa miaka 36, ni mkazi wa Dar es Salaam, nimeoa na nina watoto wawili. Niliitumia dawa hiyo kwa miezi minane, nikaiacha, na huu ni mwezi wa 17 tangu nimeze kipande cha mwisho, lakini bado sijarudia hali niliyokuwa nayo kabla ya kuianza.

Nywele za utosini zilipoanza kupukutika nilikwenda kwenye duka la dawa lililo karibu na ninapofanyia kazi, nikamweleza muuzaji shida yangu, naye bila kuniuliza cheti cha daktari akanihesabia vidonge vya miligramu 5 na kunielekeza nivikate vipande vinne, nimeze kipande kimoja kila siku. Nilivitambua vidonge vile, kwa sababu Baba Mkubwa amekuwa akivitumia kwa miaka kadhaa kutokana na kuvimba kwa tezi dume, na kwa kuwa yeye vinamsaidia na hajawahi kulalamika, nilijiaminisha kwamba robo ya kidonge chake haiwezi kunidhuru mimi kijana. Karatasi ya maelezo ilibaki dukani ndani ya boksi. Nyumbani nilivikata kwa wembe juu ya sahani ambayo mke wangu ndiye aliyekuwa akiiosha, na baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mjamzito hatakiwi kabisa kugusa kidonge cha finasteride kilichovunjika au kusagika, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuharibu ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni. Namshukuru Mungu kwamba hakuwa na ujauzito wakati huo.

Ni vyema wasomaji waelewe namna dawa hii inavyofanya kazi. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walichapisha habari za jamii moja ya Salinas, katika Jamhuri ya Dominika, ambamo baadhi ya watoto wa kiume walizaliwa na maumbile yaliyofanana na ya kike hadi walipobalehe, kwa sababu miili yao ilipungukiwa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, yaani homoni ya kiume, kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi iitwayo DHT. Ilionekana kwamba wanaume hao walipokuwa watu wazima tezi dume zao zilibaki ndogo na hawakupata upara. Kampuni ya Merck ilitafuta dawa ya kuzuia kimeng'enya hicho, na finasteride ikaidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume, kwa kidonge cha miligramu 5, kisha mwaka 1997 kwa ajili ya upara, kwa kidonge cha miligramu 1. Kidonge hicho kidogo hupunguza DHT katika damu kwa takribani asilimia 70. Nalisisitiza hili kwa sababu muuzaji aliniambia kuwa ni vitamini ya nywele, ilhali ni dawa inayobadilisha homoni za mwanamume kuanzia siku ya kwanza.

Katika mwezi wa tano nilianza kuona hamu ya tendo la ndoa ikipungua, na mwezi wa saba nguvu za kiume zikawa za kubahatisha. Usingizi ulikatika, nikawa naamka saa tisa za usiku na kukaa macho hadi adhana ya alfajiri, na mchana akili ikawa nzito kiasi kwamba nilisoma barua moja ya kazini mara tatu bila kuielewa. Kilichonitisha kuliko vyote ni kwamba furaha iliniondoka: watoto walinikimbilia mlangoni nami sikuhisi kitu. Nikaacha dawa nikiamini kuwa baada ya wiki chache yote yatapita. Nywele chache zilizokuwa zimeota zilidondoka tena kabla mwaka haujaisha, kama inavyotokea kwa kila anayeiacha, lakini hayo mengine yalibaki.

Daktari wa kwanza niliyemwendea alinisikiliza kwa dakika chache, akaniambia kwamba dawa hiyo hutoka mwilini upesi, na kwamba hicho ninachokisema kiko kichwani mwangu. Kuhusu dawa kutoka mwilini alisema kweli: kwa kijana, nusu ya finasteride iliyo katika damu huondoka kwa muda wa saa sita hivi, na DHT hurudi katika kiwango chake kwa takribani wiki mbili. Vipimo vyangu vya testosteroni pia vilikuwa vya kawaida. Hata hivyo kipimo kuwa cha kawaida hakukuwa jibu la swali nililompelekea, kwa sababu sikumwuliza kama dawa imo katika damu yangu. Nilimwuliza kwa nini mwili wangu haujarudi ilhali dawa imekwisha.

Kuhusu dai la kichwani, nataka nilijibu kwa haki, kwa maana lina hoja ndani yake. Mwaka 2007 watafiti wa Italia waliwapa wagonjwa wa tezi dume finasteride, kundi moja likielezwa kwamba dawa inaweza kupunguza nguvu za kiume na kundi jingine lisielezwe, na baada ya mwaka mmoja waliolalamikia nguvu za kiume, hamu au kutoa mbegu walikuwa asilimia 43.6 katika kundi lililoelezwa na asilimia 15.3 katika kundi ambalo halikuelezwa. Hofu basi huzaa dalili, nami sina sababu ya kulikataa hilo. Lakini mimi sikuelezwa neno lolote. Dalili zilinianza nikiwa naamini kwamba nameza kitu kisichodhuru, na nilichukua miezi kadhaa nikilaumu kazi, foleni za barabarani na umri, kabla sijawahi kusoma popote kwamba dawa hii ina madhara ya namna hiyo.

Sisemi kwamba kila anayeitumia hudhurika. Katika majaribio yaliyofanywa kabla ya kuidhinishwa kwa ajili ya upara, waliopata matatizo ya tendo la ndoa walikuwa asilimia 3.8 miongoni mwa waliomeza dawa, na asilimia 2.1 miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, na walioacha dawa kwa sababu hiyo walipona. Ila baada ya dawa kuingia sokoni taarifa za watu wasiopona ziliendelea kujitokeza. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maelezo ya dawa yaongezewe kwamba matatizo ya hamu, ya kutoa mbegu na ya kufika kileleni yameripotiwa kuendelea baada ya kuacha, na mwaka 2022 ikaagiza fikra na vitendo vya kutaka kujiua viongezwe pia. Uingereza, mwezi wa Mei 2024, ilitangaza kwamba ndani ya boksi la finasteride kuwekwe kadi ya kumtahadharisha mgonjwa kuhusu sonona, fikra za kujiua na matatizo ya tendo la ndoa, ikiwa ni pamoja na yale yanayoendelea baada ya kuacha. Mwaka 2025 wataalamu wa Wakala wa Dawa wa Ulaya walipitia taarifa 325 za fikra za kujiua zilizohusishwa na finasteride na ndugu yake dutasteride, wakathibitisha kwamba fikra hizo ni mojawapo ya madhara ya vidonge vya finasteride, na kwamba taarifa nyingi zilitoka kwa waliovitumia kwa ajili ya nywele. Kiini hasa cha madhara yanayobaki hakijathibitishwa, wala hakuna tiba iliyothibitishwa, ingawa inafahamika kwamba kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na dawa hii hufanya kazi pia ubongoni, katika kutengeneza kemikali zinazotuliza hofu na kuleta usingizi.

Nirudi nyumbani kwangu, kwa maana huko ndiko nilikoumia zaidi. Kwa miezi mitano sikumwambia mke wangu chochote. Nilikuwa nachelewa kurudi makusudi, nasingizia kazi, naingia chumbani baada ya yeye kulala. Mke wangu, ambaye ana akili kuliko mimi katika mengi, alihitimisha kwamba nina nyumba ndogo, na alikwisha kumweleza shangazi yangu kwamba anafikiria kurudi kwao. Shangazi ndiye aliyenikalisha chini na kuniambia maneno matatu tu, kwamba mficha uchi hazai. Usiku ule nilimwonyesha mke wangu vipande vya vidonge vilivyobaki, nikamsimulia yote. Alilia, kisha akaniuliza kwa nini nilidhani yeye angeziona nywele zangu kuwa na thamani kuliko mimi mwenyewe. Sikuwa na jibu.

Tangu hapo mambo yamekuwa afadhali, ingawa hayajawa mazuri. Yeye ndiye aliyenisindikiza kliniki ya afya ya akili, baada ya mimi kukiri kwake kwamba kuna asubuhi nilizotamani nisingeamka. Daktari niliyemkuta huko hakudai kuwa anajua ugonjwa wangu unaitwaje. Alichofanya ni kunisikiliza hadi mwisho, kutibu usingizi na sonona kwa kadiri vinavyotibika, na kunitaka niandike kila siku kwenye daftari jinsi nilivyolala, nilivyokula, nilivyotembea na nilivyojisikia. Daftari hilo limenisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mtu aliye katika hali hii husahau siku njema na kukumbuka mbaya peke yake. Nikilifungua la mwaka jana naona wazi kwamba sasa nalala kwa muda wa saa sita badala ya saa tatu. Natembea kutoka Mwenge hadi Makumbusho kila jioni. Nimeacha pia kusoma habari za ugonjwa huu usiku, maana kila niliposoma sikulala. Ndani ya ndoa tumekubaliana kwamba ukaribu wetu usisubiri kupona kwangu, na makubaliano hayo yamenitua mzigo wa kujiona ninafanyishwa mtihani kila tunapozima taa.

Kuna njia moja niliyokaribia kuifuata ambayo nawasihi wenzangu waikwepe. Kijana wa jirani aliniletea vumbi la Kongo, mwingine akanishauri mkuyati, na wote wawili waliapa kwamba nitapona kwa siku tatu. Mchanganyiko wa namna hii hauna maelezo ya kilichomo, na katika nchi mbalimbali dawa zinazoitwa za asili za kuongeza nguvu zimewahi kupimwa na kukutwa zimetiwa kwa siri sildenafil, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, ambayo kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati inaweza kushusha shinikizo la damu hadi kumuua. Mtu aliyekwisha kudhuriwa na dawa asiyoijua hapaswi kuongeza nyingine asiyoijua.

Nawageukia sasa wazee wanaoitumia finasteride kwa ajili ya tezi dume, nikimfikiria Baba Mkubwa. Barua hii isiwafanye waache dawa bila kuonana na daktari, kwa kuwa tezi dume isiyotibiwa inaweza kuziba mkojo kabisa. Wamweleze tu daktari kama wanaona mabadiliko ya hisia au ya tendo la ndoa, na kila wanapopimwa PSA, yaani kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume, wamkumbushe kwamba wanatumia finasteride, maana dawa hii hushusha kipimo hicho kwa karibu nusu na inaweza kuficha dalili ya saratani.

Ombi langu la kwanza ni kwa wafamasia na wauza dawa. Dawa hii isitolewe bila cheti cha daktari, na anayeipokea aambiwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, kwamba ni dawa ya homoni, kwamba inaweza kuathiri tendo la ndoa na hisia, kwamba kwa baadhi ya watu madhara hayo yameripotiwa kuendelea baada ya kuacha, na kwamba akiona dalili za mwanzo asingoje miezi kama nilivyongoja mimi. Sentensi hizo nne hazizidi dakika moja. Ombi la pili ni kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA: kadi kama ile ya Uingereza iandikwe kwa Kiswahili na iambatane hata na vidonge vinavyouzwa kwa kuhesabiwa, kwa kuwa hivyo ndivyo wengi wetu tunavyovinunua. Kwa waliopatwa na haya, naomba watoe taarifa TMDA, na walio Kenya kwenye Bodi ya Famasia na Sumu. Taarifa za nchi wanachama hukusanywa na kituo kilichoko Uppsala, Sweden, kinachofuatilia usalama wa dawa kwa niaba ya mpango wa Shirika la Afya Duniani, na maonyo niliyoyataja ya Marekani na Ulaya yalitokana kwa kiasi kikubwa na watu wa kawaida waliokubali kusema. Mimi nimekwisha kupeleka yangu, pamoja na nakala ya kurasa za daftari langu.

Nimeomba jina langu lisichapwe kwa sababu watoto wangu wanasoma shule ambayo walimu wake husoma gazeti hili.

Wako,
Msomaji (jina limehifadhiwa),
Dar es Salaam.