Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaotembeza wageni Minara Miwili, kanisa letu Katoliki la Mji Mkongwe, Zanzibar

Tumsifu Yesu Kristu, wanangu.

Juzi nimekaa benchi la nyuma nasali rozari, akaingia mmoja wenu na wageni sita. Kiwiko kakiegemeza kwenye chombo cha maji ya baraka, kidole kaelekeza altareni: "Hapa ndipo watumwa walipokuwa wakichapwa." Mama mmoja wa Kizungu akatoa leso, akafuta machozi. Mimi rozari ikanishinda.

Mwanangu, soko la watumwa lilikuwa Mkunazini. Lilifungwa mwaka 1873, zama za Sultani Sayyid Barghash, na kanisa lililojengwa pale ni la wenzetu Waanglikana, kazi ya Askofu Steere. Letu hili la Mtakatifu Yosefu lilianza kujengwa 1893, soko lina miaka 20 limefungwa, likafunguliwa 1898. Mkunazini unafika kwa miguu, hata kwa magoti yangu haya. Hukuwahi kwenda kuchungulia? Au uliona machozi yanaongeza bahashishi?

Tena tunayo yetu ya kusimulia. Mwaka 1860 walishuka hapa mapadri na masista kutoka kisiwa cha Réunion, Sultani Sayyid Majid akawapa ruhusa, wakafungua hospitali na karakana. Waliofuata, wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakakomboa watoto utumwani, na 1868 wakavuka kwenda kuanza Bagamoyo. Machozi ya kweli yako huko, wala huhitaji kuyaazima Mkunazini. Mmoja wao, Padri Sacleux, aliokota maneno ya Kiswahili cha visiwani na mwambao miaka na miaka, kamusi yake ikaanza kutoka Paris 1939. Mfaransa kajua mpaka majina ya miti yetu. Wewe mzaliwa wa hapa, mtaa wa soko umekupotea!

Lakini nisiwaonee. Skulini hamkufundishwa, na sisi wazee tulijikalia barazani tukinywa kahawa huku historia ya mji tumewaachia mapapasi wanaowinda wageni mitaani. Nani aliwaambia kwamba mabenchi yale yalijaa Wagoa, watu wa asili ya Goa kule India, makarani na mafundi cherehani, na wengi wao wakahama baada ya Mapinduzi ya 1964? Hakuna. Au kwamba mji mzima, wenye Waislamu wengi kuliko sisi mara nyingi, unaelekezana njia kwa minara yetu? Nahodha akiwa bado baharini anaiona. Hilo peke yake lingetosha kumsimamisha mgeni akasikiliza.

Mengine nayataja tu. Wageni wafunike mabega. Misa ikiendelea, hakuna picha. Simu zenu zimeni. Sadaka ya mgeni iingie kwenye sanduku.

Jumapili hii, baada ya misa, nitakuwa uani. Njooni na daftari. Yule wa kiwiko atangulie. Tutaanza kwa kutembea mimi na yeye mpaka Mkunazini, na njiani atanibebea mkoba.