Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa usharika wetu: mtoto akiuliza habari za Mungu, mjibuni

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia nikiwa na hasira, bora mjue mapema. Krismasi mlipanda huku kwetu mlimani Kilimanjaro kama kawaida yenu, magari yakaziba njia ya kihambani, shamba letu la ukoo, tukafurahi kuwaona. Kesho yake nilikwenda kwa jirani kusalimia, nikakuta ukoo umezunguka kaburi la babu yao pale nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mtoto mdogo, hata shule ya msingi hajaanza, akauliza: “Kama babu yuko kwa Yesu, mbona mmemfukia hapa?”

Mama yake akamvuta mkono. “Nyamaza. Utamwuliza mwalimu wa Sunday school.” Shangazi akadakia kwamba babu amesafiri. Baba mtu hakuinua macho kwenye simu.

Jamani! Watu wazima wote pale wamebatizwa na wamepata kipaimara, wengine wanakwaya, na mzee wa kanisa alikuwepo. Swali likakosa mwenyewe.

Jibu lenyewe lilikuwa gumu? Mwambie mtoto mwili wa babu umelazwa hapa, na tunaamini Yesu atauamsha siku ya mwisho. Mwambie babu mwenyewe yuko salama mikononi mwa Yesu. Akisema haelewi, mwambie hata wewe huelewi yote. Mwambie Yesu naye alilia akienda kaburini kwa rafiki yake Lazaro, ilhali alijua anakwenda kumfufua. Kwa hiyo kumlilia babu si kosa. Hayo ni mazungumzo ya dakika mbili. Kila Jumapili mnasimama na kukiri kwa sauti kwamba wafu watafufuka, halafu mtoto akiwauliza hicho hicho mnachokikiri mnatazamana. Na huko “kusafiri” mkuache kabisa. Mtoto aliyeambiwa babu amesafiri atakaa akimsubiri arudi, na siku baba yake akienda Dodoma kikazi atalia usiku kucha, nanyi mtasema anadeka.

Mnajiita Walutheri. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, kitabu kifupi cha misingi ya imani, Martin Luther aliiandika baada ya kuzungukia sharika za Saxony huko Ujerumani na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana. Mwanzoni mwa Amri Kumi, mwanzoni mwa Imani tunayoikiri, mwanzoni mwa Sala ya Bwana, aliweka kichwa cha habari kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mwenye nyumba, si mwinjilisti, wala si mimi niliyezeeka nikifundisha Shule ya Jumapili. Na kila kipande kinakwenda kwa swali: maana yake nini? Hilo ni swali la mtoto. Musa naye, katika Kutoka sura ya 12, anawaandaa watu wazima kabisa: watoto wenu watawauliza maana ya ibada hii ya Pasaka, nanyi mtawajibu. Ukisoma Kumbukumbu la Torati sura ya 6, maneno ya Mungu yanazungumzwa mtu akiwa ameketi nyumbani, akitembea njiani, akilala, akiamka. Darasa halikutajwa.

Matokeo ya kutuachia sisi kazi yote nayaona kipaimara. Kijana anatiririka Amri Kumi bila kupumua. Muulize ni lini alimsikia baba yake akimshukuru Mungu kwa jambo lolote, anatazama dari.

Najua mtaniambia muda hakuna. Basi la shule linapiga honi alfajiri mtoto bado anasinzia, jioni anarudi na kazi za nyumbani kwenye begi, nanyi mko kwenye foleni. Ni kweli, na shule zetu zimewageuza watoto kuwa wafanyakazi wa zamu. Lakini mwaka 2023 Serikali ilipozuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, baadhi yenu mlinuna, mkiuliza sasa watoto mtakaa nao vipi! Dada wa kazi ndiye anayejua mtoto anaogopa nini akizimiwa taa. Basi kama ndiye anayesali naye, mshukuruni, na mumwongeze mshahara.

Kanisa nalo lisijifiche nyuma yangu. Fedha za spika mpya hupatikana kwa harambee moja, watoto wanafundishiwa stoo katikati ya viti vilivyovunjika.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi ya ukimya. Wapo wanaomtaja Mungu nyumbani, ila kama fimbo tu. Umemwaga uji, Mungu atakuchoma. Hulali, Mungu anakuona. Mnafikiri mtoto huyo akifika miaka kumi na saba, ameharibikiwa, atamkimbilia nani? Mungu mliyemwonyesha anakaa dirishani na kiboko. Mtajeni pia mvua inaponyesha baada ya kiangazi, homa inaposhuka, mbuzi anapozaa, ugomvi wa ndugu unapokwisha.

Mengine nayataja tu. Sala ya chakula mtoto aiombe mwenyewe, hata akimwombea paka. Sadaka aitoe kwa mkono wake, akijua inakwenda wapi. Ukimkosea, mwombe msamaha. Msimseme mchungaji mezani. Imbeni tenzi mkipika. Wasiojua kusoma wasimuliwe Biblia kwa mdomo, kama sisi tulivyosimuliwa.

Akina baba, hamjapona. Mama Eunike na bibi Loisi walimlea Timotheo katika imani, na Paulo akawasifu, lakini hilo halikuwapa ninyi likizo. Mtoto wa kiume akiona sala ni kazi ya mama, ataiacha siku atakapoota ndevu.

Mwenye kutaka kunibishia, nipo nyumbani kila siku jioni, na chai ipo. Njooni na watoto, msiwaache wakicheza nje. Nataka maswali yao wayaulize mbele yenu, na watakaojibu ni ninyi.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu wa Shule ya Jumapili,
Marangu