Mhariri, kwenye mchoro wa kelpu mmesahau mabaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Makala yenu ya misitu ya kelpu, ule mwani mkubwa wa baharini, nimeisoma mara mbili na nimefurahi sana kuona gazeti la Kiswahili linaandika habari za huko chini ya bahari baridi, lakini ule mchoro mliouweka katikati umeninyima raha. Mmechora fisi maji wa baharini anamla urchini, yule mviringo mwenye miiba, halafu urchini anakula kelpu, basi, mishale miwili hadithi imekwisha. Mishale yenyewe ni ya kweli. Ila msomaji akiona hivyo tu anaondoka akiamini kwamba kelpu inaliwa ikiwa hai pale pale iliposimama, na kwamba urchini ndo mharibifu wa kila kitu, na mimi nadhani yote mawili yanampoteza.

Sehemu kubwa ya kelpu hailiwi ikiwa hai. Watafiti waliokusanya vipimo kutoka bahari mbalimbali walikuta kwamba kwa wastani kama asilimia 82 ya kile kelpu inachozalisha kinaishia kuwa mabaki, yaani ncha za majani zinachanika siku hadi siku, dhoruba zinang'oa kelpu nzimanzima, kisha vyote vinasafiri na mkondo, vingine vinatupwa ufukweni vinaliwa na wadudu wa mchangani, vingine vinazama kwenye mabonde ya kina kirefu ambako mwanga haufiki kabisa, vingine vinasagika mpaka vinakuwa chembe zinazoelea. Na uzalishaji wenyewe ni mkubwa mno, Macrocystis ambayo ndo kelpu kubwa kuliko zote ikipata maji baridi na virutubisho vya kutosha inaweza kurefuka kama nusu mita kwa siku moja. Halafu kelpu sio mmea jamani, ni mwani wa kahawia, kile kinachofanana na mizizi ni kishikio tu cha kung'ang'ania mwamba, virutubisho inavinyonya majini kwa mwili wake. Nalitaja tu lisije likarudiwa.

Sasa nani anakula hayo mabaki? Hapa ndo utafiti unaponoga na ndo pale nilipotamani mkae kidogo. Ukimpasua kome ukaangalia tumboni utaona uji uji tu, huwezi kujua chembe ipi ilitoka kwenye kelpu na ipi ni planktoni, vile viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Kwa hiyo wanapima kaboni. Kuna kaboni ya kawaida, namba 12, na kuna namba 13 ambayo ni nzito kidogo, na kelpu kwa kawaida inabeba hiyo nzito kwa kiwango cha juu kuliko planktoni, basi mnyama akila kitu kwa muda mrefu nyama yake inabaki na alama ya chakula chake, hata kama mdomoni hakuna ushahidi wowote. Mwaka 1989 watafiti Duggins, Simenstad na Estes walichapisha kazi waliyofanya kwa njia hii kwenye visiwa vya Aleutian kule Alaska, walilinganisha visiwa vyenye fisi maji na kelpu nyingi na visiwa ambavyo fisi maji walimalizwa na wawinda manyoya na hawakurudi, urchini wakafyeka mwamba ukabaki mtupu. Kaboni ya kelpu waliikuta imesambaa kwenye mtandao mzima wa chakula wa pwani, na wanyama wanaochuja maji, kome wakiwemo, walikua mara 2 hadi 5 haraka zaidi kwenye visiwa vya kelpu. Hebu fikirieni, kome hana meno ya kuuma jani, kazi yake ni kuchuja maji tu, lakini analishwa na msitu.

Na huyo Estes na mwenzake Palmisano ndio walioandika mwaka 1974 ile habari ya fisi maji na urchini ambayo mchoro wenu umetokana nayo! Miaka 15 baadaye yeye mwenyewe alikuwa ameshafika kwenye mabaki, sisi bado tunachora ya 1974.

Nirudi kwa urchini maana nasikia uchungu nikisoma anavyoitwa adui. Mwaka 1985 Harrold na Reed walichapisha utafiti wa kisiwa cha San Nicolas, California, na walichokiona ni hiki: mabaki ya kelpu yakiwa mengi, urchini anatulia kwenye ufa wa mwamba anasubiri chakula kimfikie, hana haja ya kutoka. Mabaki yakipungua anatoka, anatembea, anakula kilicho hai. Mnyama ni yule yule. Kwa hiyo kuna mshale mzito kabisa unaotoka kwenye mabaki kwenda kwa urchini, na huo mshale ukikatika ndo balaa linaanza.

Ndo kilichotokea kaskazini mwa California. Kule fisi maji walishamalizwa siku nyingi, aliyebaki kumla urchini ni kiti cha pweza mkubwa, yule mnyama mwenye umbo la nyota, aitwaye Pycnopodia, anaweza kuwa na mikono mpaka 24 na upana wa mita moja. Mwaka 2013 ugonjwa ukaanza kuwayeyusha viti vya pweza pwani nzima (bakteria anayehusika ametambuliwa juzi juzi tu, 2025, ni aina ya Vibrio), halafu kuanzia 2014 likaja joto la bahari, maji ya joto yana virutubisho vichache, kelpu ikadhoofika, mabaki yakapungua, urchini wa zambarau wakatoka kwenye nyufa zao na hakuna wa kuwazuia. Zaidi ya asilimia 90 ya kelpu ikapotea kwenye pwani ya kilomita kama 350. Abaloni, konokono wakubwa wa baharini wanaokula kelpu, nao wakafa njaa, mpaka uvuvi wao wa burudani ukafungwa 2018. Mchoro wa mishale miwili hauwezi kueleza hapo hata kidogo, kwa sababu fisi maji hayupo kwenye hadithi na mabaki hamkuyachora.

Najua kuna atakayesema basi warudishwe fisi maji. Nawapenda sana hao wanyama na natamani warudi kila walipokuwa, lakini Monterey, huko huko California, wapo, na utafiti uliotoka 2021 ulionyesha kwamba wanawaruka urchini wa kwenye miamba mitupu. Sababu ni kwamba wale urchini ni maganda tu, njaa imewamaliza ndani lakini hawafi, wanaweza kukaa hivyo miaka. Fisi maji anakwenda pale kelpu ilipobaki maana urchini wa pale wameshiba, ana nyama ya kula, na kwa kufanya hivyo analinda vile vipande vya msitu vilivyosalia. Ni msaada mkubwa, ila mwamba uliokwisha kuwa mtupu haurudishi. Hapo pia ukifuatilia chakula unakuta mambo yanaanzia kwenye mabaki, urchini aliyeyakosa hamvutii hata fisi maji.

Ombi langu ni mchoro urekebishwe toleo lijalo kama inawezekana, na mkiandika tena habari hizi muwatafute wazamiaji wanaoshuka mwaka hadi mwaka kwenye vituo vile vile kuhesabu urchini, kelpu na viti vya pweza, kazi ya baridi na ya kuchosha ambayo haipati kichwa cha habari, maana kama wasingekuwa wamehesabu kabla ya 2013 leo tusingejua hata kimepotea kiasi gani. Nimewaambatanishia mchoro niliochora mwenyewe kwa penseli, mshale wa mabaki nimeuchora mnene kuliko yote, na tawi lake moja linashuka mpaka kule kwenye kina cha giza.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa siku nyingi